Pale Tope Lisipokaa

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa najua goti lako halipendi uinuke na wewe mwenyewe hupendi kuketi. Mimi ni mzima, ila jua limenibabua pua mpaka inachunika kama kitunguu. Vipi, dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umempa jirani kama ile ya kwanza? Na mwanangu, Kibogoyo wetu, hajambo? Aliniambia kwenye simu kuwa jino la pili nalo limeng'oka, na kwamba bibi yake amemtangazia kuwa sasa mko sawa, mtakuwa mnagawana uji. Nilicheka mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango kuuliza kama kuna habari njema.

Simu tunapigiana, ni kweli. Lakini simu ina haraka zake, na wewe ukiishika unaanza kuniuliza kama nimekula, hata najikuta nimelimeza neno nililokusudia. Kwa hiyo leo nimechukua karatasi. Nisomee taratibu, Mama, na kama miwani imepotea tena, iko kichwani.

Uliniambia wateja wako pale kwenye cherehani wanakuuliza mkweo anafanya kazi gani, nawe unawajibu kuwa anapima bahari. Jibu ni zuri, ila bahari nzima sitaiweza. Napima ghuba moja tu, tena ya kina kifupi. Maji yakipwa, mtu mrefu anaweza kuvuka sehemu kubwa bila kulowa kifua, mradi tope lisimnyang'anye viatu. Upande mmoja mto unaleta maji matamu, upande wa pili bahari inaleta chumvi, na katikati vinavutana kama mawifi wawili kwenye jiko moja. Kazi yetu ni kuchora ramani ya ugomvi huo: chumvi imefika wapi, na tope ambalo mto unalibeba linakwenda kulala wapi. Chumvi tunaipima kwa chombo tunachokishusha majini kwa waya. Tope tunalinasa kwa mabomba ya plastiki tuliyoyasimamisha chini ya maji, midomo wazi. Tunayaopoa, tunalikausha tope kwenye tanuri, tunalichekecha. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la betri za magari, na tanuri likiwashwa jengo zima linanuka kama samaki aliyesahauliwa mfukoni. Muuza betri alilalamika mwanzoni, sasa amesalimu amri. Siku hizi anatuuliza tu leo tunapika nini.

Boti inaendeshwa na nahodha wanayemwita Haraka, kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Akifunga kamba, unaweza kunywa chai ukamaliza. Mwanzoni aliniudhi, Mama, sikufichi. Mimi nilikuwa nataka tumalize vituo vyote kabla upepo haujaamka, naye yuko anakagua nanga kama mtu anayenunua mbuzi. Lakini katika kipindi chote hiki hatujapoteza chombo hata kimoja, wala hajanitia majini.

Sasa nisikilize jambo lenyewe. Kando ya ghuba kuna mtaa wa maghala ya zamani, siku hizi yamejaa familia. Visima vya mtaa ule vimeingiwa na chumvi. Mkunga wa zahanati yao aliniambia kwamba watoto wachanga wanaogeshwa kwa maji yanayowawasha, na mama aliyejifungua akiomba maji ya kunywa, ndugu wanatazamana nani aende kuyanunua. Na bandari nayo ilikuwa na mpango wake: kuzoa tope kwenye njia ya meli na kulimwaga kwenye maji yaliyo mbele ya mtaa huohuo, kwa kuwa ni karibu na hakuna anayepatumia. Ramani yetu ndiyo ingesema kama ni salama. Karibu kila mtu alishaamua kuwa ni salama. Sisi tulitakiwa kupaka rangi tu.

Siku moja nilikuwa nimezibandika ramani mbili kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Ile ya tope ilikuwa na doa mbele ya maghala, mahali penye mchanga mweupe mtupu wakati pande zote pamejaa tope. Ile ya chumvi nayo ilikuwa na doa la maji mepesi, nami nilikuwa nimekilaumu chombo chetu kuwa kimechafuka. Nikaisogeza moja juu ya nyingine. Mama, madoa yalikaa sawasawa, kama kifungo na tundu lake. Maana yake ni kwamba kuna maji yanayobubujika kutoka chini, matamu, yanayolisukuma tope lisikae. Na maji hayo hayawezi kutoka kwingine isipokuwa nchi kavu, yakipita chini kabisa, chini ya visima vyenye chumvi, chini ya vitanda vya watu wanaonunua maji.

Mkuu wetu, mama mmoja mkavu wa maneno lakini mwenye moyo wa haki, aliangalia akasema kwamba mashine nazo huota ndoto. Akatuamuru turudie kwa chombo cha kuazima, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa. Tukarudia. Doa likabaki palepale. Akavua miwani, akaifuta, akasema basi nijiandae, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya watu wa bandari, kwa sababu aliyeona ndiye asemaye.

Nilikwenda nikiwa nimevaa lile koti ulilonishonea. Mhandisi wa bandari alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza kueleza kuwa tope lao litaifukia chemchemi hiyo, akasema hawezi kuzungusha majahazi ya tope safari ndefu kwa ajili ya doa kwenye karatasi. Watu wakacheka kidogo. Mimi nikatoa chupa. Asubuhi ile, maji yakiwa yamepwa, mimi na Haraka tulikuwa tumelikita bomba kwenye ule mchanga mweupe na kuvuta kilichomo. Nikamimina kwenye glasi nikamsogezea.

Akauliza, "Hii ni nini?"

Nikamwambia, "Ni hilo doa, mzee. Onja."

Alionja. Akaonja tena, akampasia aliyekaa kando yake, na glasi ikazunguka meza nzima. Namshukuru sana mhandisi yule. Angeweza kushindana na mimi, na cheo anacho. Badala yake aliomba muda, na aliporudi alikuwa amekwisha kutafuta mwenyewe mahali pengine pa kumwaga tope, nje ya mdomo wa ghuba. Akaniambia yeye pia amezaliwa mtaa wa maji ya kununua.

Wachimbaji walikuja kutoboa kisima kirefu nyuma ya maghala, juu kidogo. Siku ya kwanza hamna, ya pili hamna, mchimbaji mkuu akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Kisha yakatoka maji machafu kama chai ya maziwa, kila mtu akaguna. Tukangoja. Yakaanza kutakata. Kuna mama mmoja dobi wa pale mtaani, mnene, mcheshi, ambaye kila siku alikuwa anatutania kuwa tunachimba dhahabu. Hakungoja kuambiwa chochote. Akaja na kipande cha sabuni na shati la mteja, akachovya, akasugua. Unajua, Mama, kwamba sabuni haitoi povu kwenye maji ya chumvi. Povu likatoka. Likampanda mpaka kwenye viwiko, yeye anacheka huku analia, anawapaka watoto usoni, na mkunga akaja mbio na ndoo. Mimi nilikwenda nyuma ya lori nikalia peke yangu, na katika kilio kile jina lililonijia ni lako.

Na hapo ndipo penye neno nililolizunguka tangu mwanzo.

Juzi tulikwenda kuyaopoa mabomba ya mwisho. Maji yakatupwea, boti ikakaa juu ya tope, ikawa hakuna la kufanya ila kungoja. Haraka alikaa akichezea kofia. Kisha akasema, "Maji yakirudi tutaondoka, na mimi nitakuwa sijasema. Basi wacha niseme." Akasema, Mama. Hakusema mengi. Alisema amekuwa akiongeza muda wa kukagua nanga kwa sababu safari zikiisha ataniona wapi. Kisha akauliza kwetu ni kwa nani, apeleke watu wake.

Unajua wazazi wangu wote wametangulia. Baba mdogo yupo, lakini siku ile ya msiba wa mwanao hakufika hata kuuliza nimelala wapi. Nikamwambia nina mzazi mmoja, mama. Akauliza mama mzazi? Nikamwambia, "Mama wa marehemu mume wangu." Akavua kofia kabisa, akasema, "Basi huyo ndiye wa kuogopwa."

Nikamhadithia. Nikamwambia jinsi ndugu wa marehemu walivyokuja, matanga hayajaanuliwa, wakidai funguo za nyumba na kusema nirudishwe nilikotoka. Nikamwambia jinsi ulivyosimama mlangoni, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, umefiwa na mtoto wako wa pekee, macho mekundu, ukawaambia anayetaka kumtoa huyu aanze kukutoa wewe. Na jinsi ulivyoniambia wiki ile ile nirudi chuoni nikamalize, mtoto ataleleka. Hukuwahi kunikumbusha hata mara moja, Mama. Nami sikuwahi kukushukuru kwa mdomo, kwa kuwa kila nikianza unaniuliza kama nimekula.

Sikumjibu ndiyo, wala hapana. Nilimwambia jibu liko kwako. Lakini kukuficha wewe ni kujificha mwenyewe, kwa hiyo nakwambia: nampenda. Imeniingia polepole, kama maji yanavyojaa, na nilipogundua nilikuwa nimeshalowa. Ninachoogopa ni kimoja tu, usije ukadhani namfuta mwanao. Hafutiki. Namwona kila Kibogoyo akicheka. Haraka anajua hilo, na amesema hajaja kuziba nafasi ya mtu, amekuja kuomba ya kwake.

Kama moyo wako utakataa, niambie bila kunionea haya; sitanuna, wala sitapungua kuwa wako. Ila kama utaridhia, nina ombi. Siku watakapofika na kuuliza mzazi wa binti ni nani, ndugu watatazamana. Usimsubiri mtu mwingine aitike, Mama. Itika wewe.

Nisalimie Kibogoyo, mbusu pale penye pengo. Wasalimie wateja wote na jirani aliyekula dawa yako. Mkuu wetu anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema aliyenilea hakukosea. Nami naibusu mikono yako yote miwili, iliyonishona nilipokuwa nimechanika.

Ni mimi,
mwanao uliyempata ukubwani