Nyonga ya Kushoto ya Bhoke

Jumatatu, 4 Machi

Maji safari mbili. Chacha, mdogo wake Bhoke, anakohoa tangu alfajiri, nimembeba mgongoni na ndoo kichwani. Bhoke mwenyewe kabaki nyuma tena. Ana miaka kumi na mmoja, lakini mguu anauburuta kama bibi kizee. Goti, anasema. Ni goti tangu Krismasi. Nimelichua, nimelikanda kwa maji ya chumvi, hospitali ya Mugumu wamelipiga picha. Halina kitu. Basi ni uvivu. Nimemwambia atembee vizuri, akaanza kulia. Nikamchapa kofi. Kwangu halii mtu bila sababu. Akanyamaza. Anajua kunyamaza, huyu mtoto.

Baba yao, Mwita, hajapiga simu. Wiki ya tatu yuko kwenye rashi, machimbo mapya upande wa Tarime. Tangu dhahabu itoke huko, hapa Nyansurura wanaume wamebaki wazee na wagonjwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwangalia akivaa sketi ya shule. Paja la kushoto limekonda kuliko la kulia. Na mguu wenyewe umegeukia nje, vidole vinatazama mlango. Mtoto hawezi kujikondesha paja kwa uvivu.

Nimeona aibu. Shule hakwenda. Nimempikia uji wa maziwa, akauliza leo kuna nini.

Jumatatu, 11 Machi

Hospitali ya Tarime. Tumefika saa nne, tumeonwa saa nane. Daktari kijana, mpole. Goti hakuligusa. Kamlaza, kakunja mguu, kauzungusha kidogo. Bhoke akauma kanga yangu.

"Mama, maumivu yako gotini lakini ugonjwa uko juu. Ni nyonga."

Picha nyingine. Kanionyesha. Kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kutoka juu ya mfupa wake, kama kifuniko cha chungu kilichokaa upande. Huwapata watoto wa umri huu wanaorefuka. Si kosa la mtu, alisema. Hajui kuhusu kofi.

Nimemwomba arudie taratibu, niandike. Bado kimeteleza kidogo tu. Anaweza kufanyiwa upasuaji mdogo: tundu moja pajani, dogo kama ukucha, wanapitisha skrubu moja huku wanatazama kwenye skrini. Kichwa kinashikwa palepale kilipo. Siku mbili anatoka, anatembelea magongo wiki kadhaa, basi. Lakini kikianguka chote, tundu halitoshi. Wanapasua paja, na damu inaweza kuacha kufika kwenye mfupa. Mfupa ukikosa damu unakufa. Hapo ni kusubiri awe mtu mzima awekewe nyonga ya bandia.

Daktari wa mifupa anakuja Alhamisi. Hadi siku hiyo mguu usiguse chini. Hata mara moja.

Alitaka tulazwe leo. Mimi ndiye niliyekataa. Wodini watoto wawili kitanda kimoja, wanaharisha, na Chacha kifua bado. Wifi yangu Robi, dada yake Mwita, ana chumba hapa Bomani, karibu kabisa. Nikasema nitamlaza mwenyewe, nitamchunga. Daktari kaniangalia. Kaandika kitu kwenye faili.

Jumanne, 12 Machi

Bhoke yuko juu ya godoro, mguu kwenye mto. Nambeba kwenda chooni, mgongo umekwisha. Wifi anamtania: "Malkia, leo utaoga wapi, huku au Ulaya?" Bhoke kacheka mpaka kikohozi. Sikumbuki lini alicheka hivyo.

Mwita kapatikana kwenye simu. Hataki mwanawe atobolewe kabla hajamwona. Kesho anakuja. Nimemwambia yote, isipokuwa habari ya kusimama. Hiyo nilimwambia Bhoke: usitembee. Nilidhani inatosha.

Jumatano, 13 Machi

Mwita kafika saa tisa. Nilikuwa uani naanika nepi. Kaingia na begi lake, vumbi mpaka kwenye kope.

Bhoke akasimama.

Mtoto wangu haamkii mkubwa akiwa amekaa. Mkubwa akiingia na mzigo, anapokelewa mzigo. Nilimfundisha hivyo tangu ana miaka mitatu, na fimbo ilitumika. Nilikuwa najisifu kwa majirani.

Nilisikia "Shika", halafu sikusikia "moo". Nikasikia begi kuanguka.

Alikuwa chini, mguu wote umegeuka. Jasho linamtoka, midomo imekauka. Hakulia. Mwita ndiye aliyelia. Nilimwambia Bhoke lia, mama, lia tu. Akasema, "Ulisema nisitembee. Sijatembea."

Tumembeba juu ya mlango wa banda la kuku, Mwita na majirani watatu. Daktari hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 14 Machi

Hakuna tundu dogo. Wamepasua. Masaa matatu na nusu humo ndani. Kidonda kinaanzia kiunoni. Skrubu mbili.

Mwita ananiuliza kwa nini hukuniambia nimzuie asisimame. Namwuliza kwa nini hukubaki hukohuko shimoni ukakubali kwa simu. Tumesemezana hivyo nje ya chumba cha upasuaji, mbele za watu. Wifi akasema, "Nyie wawili, mtoto ni mmoja. Nyamazeni."

Mwita akampokea Chacha mgongoni kwangu.

Ijumaa, 15 Machi

Homa kidogo. Kanywa chai. Namchukia kila mtu anayetembea kwenye korido hii.

Jumapili, 17 Machi

Daktari wa mifupa kapita asubuhi kabla hajaondoka. Kama damu inafika kwenye mfupa, hawezi kujua sasa. Picha baada ya miezi mitatu, tena baada ya sita, labda mwaka. Nimeuliza nafasi ikoje. Kasema tumwombe Mungu, na mguu usikanyage.

Mwita amelala sakafuni chini ya kitanda, Chacha kifuani kwake. Hajasema lini anarudi rashi, sijamwuliza.

Mchana mvua imenyesha, wodi ikapoa. Bhoke kaniuliza kama mguu utarudi kuwa ule wa zamani. Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema sijui. Akageuzia uso ukutani. Baadaye akarudisha mkono nyuma bila kunitazama, ameufungua. Nimeushika. Naandika kwa mkono mmoja, daftari linateleza.