Nondo za Baba Mkwe

Mwenzangu, nimekwisha. Nimejifungia kwenye choo cha saiti.

Mkaguzi kavuta nondo moja kwenye ule mteremko tuliouchoma vyuma ili udongo usiporomoke. Kwenye karatasi ni mita sita. Imechomoka kama jino bovu, mita moja. MOJA!

Na sahihi ya vipimo ni yangu! Baba mkwe ndiye fundi mkuu, aliniambia, "Mkwe, nimeshapima, wewe tia sahihi." Ningembishia vipi mzee wa watu?

Sasa mkaguzi anataka nichague nyingine mwenyewe, ivutwe. Mzee kaninong'oneza: "Chagua ile ya karibu na ngazi. Hiyo ndiyo ndefu."

HIYO NDIYO! Kati ya mia mbili, ndefu ni hiyo moja tu! Na juu ya mteremko kuna nyumba za watu, kwa kidirisha cha choo naona hadi nepi zimeanikwa.

Mzee anagonga mlango. "Mkwe, wanakusubiri wewe tu."