Mama Amesahau Mwanzo wa Kiondo

Muthoka,

Jana ulimwona Mama akitafuta miwani aliyoivaa, ukainamia simu. Kila mara unainamia simu.

Nimeenda zamu kiwandani EPZ. Isyo, mahindi na maharagwe, iko kwenye sufuria, ipashe moto.

Asubuhi Mama alishika katani aanze kusuka kiondo, akaniuliza, "Mutheu, mwanzo unafungwaje?" Mama, aliyefundisha nusu ya wanawake wa Katelembo! Nilipomwonyesha alicheka, kisha akaficha mikono chini ya leso.

Usiniambie ni uzee. Dawa ya kolestro iliongezwa tarehe nne Machi. Wiki mbili baadaye akaanza kusahau. Niko na tarehe zote kwa daftari. Nimesoma kwamba kusahau huko huwapata watu wachache wanaoitumia, na daktari anaweza kuibadilisha. Kule kliniki nilipouliza waliniambia, "Kwani wewe ni daktari?"

~~Usimpe tembe ya leo.~~ Mpe. Moyo wake nao unaihitaji, na kweli mimi si daktari.

Lakini wewe mwenye tai watakusikiliza. Chukua daftari na pakiti ya dawa, umpeleke kliniki leo kabla ya saa sita. Usitoke huko bila jibu. Inuka sasa.

Dadako mkubwa