Sista Aliyeondoka Bila Kuaga

Jumatatu, 9 Juni 1952

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Sista Bernadina aliponipa daftari hili alisema niandike historia ya masista wa misheni yetu bila kuficha kitu, hata pale waliposhindwa. Basi leo naandika yote.

Wale sita wa kwanza nimeshawaandika. Walipanda kwa miguu kutoka Mombo, wakaosha vidonda vya watu kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa dawa hawakuwa nayo. Wawili wamezikwa nyuma ya kanisa. Wanne walihamishwa. Kanuni yao ni kwamba sista akihamishwa huondoka alfajiri na mfuko mmoja, bila kumuaga mtu, ili asije akalegea moyo.

Hakuna aliyewahi kurudi.

Ndivyo alivyoondoka Sista Bernadina Jumatano iliyopita. Na mama yangu yumo wodini na kidonda cha mguu ambacho kwa miezi miwili ni yeye tu aliyekiosha. Sista Agata, aliyekuja badala yake, mama amemkatalia kabisa.

Leo nimemkuta mama amejifunika blanketi mpaka kiunoni, anawachekesha wenzake.

"Shikamoo, mama. Mwache Sista Agata akufungue bandeji."

"Marahaba. Yule mtoto? Vidole baridi kama chura, na Kishambaa hajui. Namngoja Bernadina mwenyewe."

"Na asiporudi?"

"Na shule yote hiyo, hata hili hulijui! Mtu anayehama huaga. Huyu hakuniaga, basi amekwenda kutembea tu. Si ndiyo, jamani?"

Wodi nzima ikaitikia.

Harufu ya kidonda imebadilika. Sista Agata aliniita uani, akasema kisipofunguliwa kabla ya Jumamosi, mama atapelekwa Lushoto kukatwa mguu. Alikuwa analia. Nilimpokea tu beseni la bandeji alilobeba.

Nikimwambia mama ukweli, kwamba amehama bila kumuaga, ataona ametupwa, atajikokota nyumbani na kidonda chake. Nikinyamaza, ataendelea kungoja.

Nami nataka kuwa sista. Bado nataka. Ila leo kanuni ile imenishinda.

Sista Bernadina, ukurasa huu nauchana nikutumie. Katekista anashuka Lushoto kesho, nasikia wewe uko huko mpaka Alhamisi. Mpe jibu mkononi, hata mstari mmoja, nimsomee mama kitandani: utamuaga?