Pini Yenye Tundu

Jumanne, 13 Oktoba 1987

Watu wa vipuri wamerudi kutoka Philadelphia na kapi. Wamelitoa kwenye meli kuukuu ya kubeba ndege, ile ya kwanza ya aina ya meli tunayoitengeneza, inayooza gatini kule. Wanaichuna taratibu — leo pampu, kesho mlango. Kapi jipya ni kuagiza na kungoja miezi kumi na minne! Meli yetu inatoka Jumatatu. Na hapa yadini, tunapotengeneza meli, desturi ni moja: kifaa kikiingia mahali pake, kifungwe.

Nimeutoa mchoro wa zamani, nikasaini kitabu cha kuazimia. Nilijua! Pini ya kapi hilo, chuma linachozungukia, ina tundu la mafuta katikati. Ndege zilipoanza kuwa nzito zaidi, pini zikaanza kupasuka hapo hapo, ndiyo maana kuanzia meli ya tatu walichora pini nzima, isiyo na tundu. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Waya wa kunasa ndege zinapotua unapita kwenye kapi hilo. Pini ikikatika, waya unafyeka sitaha, na miguu ya watu.

Kesho nitasema mkutanoni.

Jumatano, 14 Oktoba

Sikusema. Nilifika "Meli ya kwanza ilichorwa kwa ndege nyepesi," basi. Tuttle, mkuu wa vipuri, akanikatiza. Ati, Bi Verlene, hadithi za mababu baadaye mpenzi, hapa tunatengeneza meli, hatufungui makumbusho. Halafu, kahawa imeisha.

Wanaume kumi na mmoja, wote wakacheka. Miaka ishirini na miwili natunza michoro yao! Nikaenda nikawapikia kahawa, nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Wakanywa.

Mchoro ninao mkobani. Ijumaa watauvuta waya kwa winchi, uzito kamili, sitaha tupu. Pini itakatika mbele ya wakubwa wote. Acha akatike nayo. Nitasimama mbele nimwone uso.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimepiga pasi gauni la bluu. Kwa ajili ya kesho. Nina furaha mbaya.

Ijumaa, 16 Oktoba

Haikukatika!

Winchi moja ilikufa asubuhi, wakavuta nusu ya uzito tu. Muda hakuna, akasema Tuttle, nusu inatosha. Kapi likazunguka kama jipya. Akalibusu! Akanigeukia mbele ya watu: "Umeona, Bi Verlene? Chuma cha wazee hicho. Kawaambie mababu zako asante."

Nilichukia kwamba pini haikukatika. Naandika kama ilivyokuwa. Sikuwaza mtu yeyote mwenye miguu. Niliwaza gauni langu.

Jumapili, 18 Oktoba

Kanisani nimeimba. Kuomba, hapana. Dada akauliza mbona sili kaa, na nimewamenya mwenyewe. Nikasema tumbo.

Bado naweza kusema. Lakini wataniuliza nilijua lini. Kitabu cha kuazimia michoro kina jina langu — Jumanne, saa nne asubuhi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumatatu, 19 Oktoba

Saa mbili asubuhi simu. Tuttle! Yuko melini, anaondoka nayo, anapiga kabla hawajachomoa waya wa simu wa gatini. Nikadhani amepiga kunimaliza.

"Bi Verlene, wiki iliyopita nilivuka mpaka. Mke wangu kanisema usiku kucha. Ulikuwa unataka kutuambia kitu mkutanoni. Kitu gani?"

Nilisikia king'ora nyuma yake.

"Ah, si kitu," nikasema. "Hadithi tu."

Akacheka, cheko zuri kabisa. Akasema ndege zikianza kutua saa nane atakaa chini ya sitaha, ubavuni mwa kapi lake, alisikilize. Akirudi tutakunywa kahawa, safari hii atapika yeye. Nikamtakia safari njema. Simu ikakatika.

Saa saba na nusu. Nimeshindwa kukaa mezani. Nimeshuka chumba cha redio na mkoba wangu, naandikia hapa kwenye benchi. Bwana Ruffin wa redio ameniangalia mara mbili.

Saa nane kasoro kumi. Amevua vipokea sauti masikioni. "Bi Verlene, una ujumbe nikupelekee melini? Sasa hivi njia iko wazi."

Nimemwambia hapana, nimekuja kusikiliza tu. Amenivutia kiti karibu na spika.