Kumbatiza Baba Benjamin

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mchungaji Brightson leo kahubiri juu ya Wayahudi. Taifa teule, Mungu hajawatupa, mwisho wa yote Israeli nzima itaokoka. Vigelegele! Watu wakageuka kunitazama na kutabasamu, maana kanisa zima linajua nyumbani kwetu Mwananyamala kuna Myahudi. Machozi yalinitoka kwa furaha. Nikasema, basi Baba yumo.

Baada ya ibada nikamfuata ofisini kuhakikisha. Akavua miwani. Akasema yale ni ya taifa, ya siku za mwisho. Mtu mmoja mmoja aliyemsikia Yesu akamkataa hana mlango mwingine. Nikamuuliza, kwa hiyo Israeli nzima itaokoka isipokuwa baba yangu? Akasema nisichukulie hivyo.

Nichukulieje sasa?

Jumatatu, 4 Agosti

Baba hakuinuka leo. Uvimbe wa tumbo umezidi. Daktari alishasema tumtunze nyumbani, dawa za maumivu tu.

Watu humwita Benjamin baba yangu wa kambo. Mimi sijawahi. Alinilea tangu sijaanza shule, akanifundisha baiskeli kwenye uwanja wa mpira huku Mama akipiga kelele kwamba ataniua. Alikuja nchini kufunga pampu za maji, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki kwa ajili ya Mama, Filomena wa Newala. Kila Jumapili alimsindikiza Mama kanisani, akamsubiri kwenye benchi la nje na gazeti lake. Hakuingia hata siku ya kipaimara changu – alisimama dirishani na kunipungia mkono.

Mama alipokuwa anakata roho alinivuta karibu. Usimwache baba yako nje, Marietha. Sikuuliza nje ya wapi.

Jumatano, 6 Agosti

Jumuiya wamekuja kumwombea. Kumbe na wao walikuwa na shida zao! Mama Jonas katoa chupa ya mafuta ya kula kwenye mkoba, anataka Baba ayabariki, maana yeye ni uzao wa Ibrahimu. Mwingine kaleta funguo za bajaji mpya. Baba kacheka mpaka kakohoa. “Mimi fundi pampu tu, jamani.” Lakini akazishika zile funguo, akaomba Mungu amlinde dereva na abiria wake. Wakaitika amina kwa nguvu.

Halafu Mama Eliaichi, mzee wa kanisa na shoga wa Mama wa siku nyingi, akaanza sala ya toba ili Baba afuatishe. Baba kimya. Akaanza upya, polepole. Kimya. Mwishowe Baba akasema, kwa adabu kabisa, kwamba mama yake aliuawa Ulaya kwa sababu ya kuwa Myahudi, yeye akiwa mtoto mdogo. Akiyasema maneno yale atakuwa kama anamwambia marehemu kwamba alikosea upande.

Hakuna aliyemaliza chai. Mama Jonas hakusahau mafuta yake.

Baraka zake wanazitaka. Mwenyewe wanampeleka motoni! Huenda ni dhambi kuandika hivi. Basi nimeshaandika.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, mtaa umetulia. Bwana Mfaume wa nyumba ya pili kaja kumwona mwenzake wa bao. Kakaa kitandani, kamshika mguu, hawakuongea sana. Alipotoka aliona macho yangu yalivyovimba, nikamweleza yote uani.

“Mnamgombania kama kiwanja, dada’angu. Mwenyewe mmemuuliza?” Halafu akavaa barakashia yake. “Na sie akina Mfaume je? Au sie ndo hatuna hata wa kutugombania?”

Nikamkaribisha chai, akasema siku nyingine.

Baba hali chakula tena. Maji kwa kijiko.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Naogopa. Naogopa siku nitakayomkuta Mama mlangoni mbinguni ananingoja, anachungulia nyuma yangu, ananiuliza mwenzangu yuko wapi.

Jumanne, 12 Agosti

Mama Eliaichi kaingia asubuhi bila kubisha hodi. Ubatizo wa dharura, ndilo alilokuja nalo. Anayekaribia kufa anaweza kubatizwa na Mkristo yeyote. Maji kidogo kwenye paji la uso, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, basi. Akasema na Baba akiwa amelala hivi hata hatajua.

Mchungaji Brightson, aliyekuja naye, akakataa katakata. Lazima mgonjwa aitike, hata kwa kunibana kidole tu. Akasema nimuulize mimi, ananipenda, hatanikatalia. Wakarudi sebuleni wakaniachia chumba.

Nikaja na bakuli la maji. Sijui nilikuwa nimepanga kumuuliza au kumwahi usingizini. Sitaki kujua. Baba akafumbua macho, akaliangalia bakuli.

“Ndiyo haya yanayokuliza siku zote?”

Nikaitika.

“Basi nimwagie.”

Nikamuuliza, Baba, umeamini? Akatikisa kichwa. Hapana, mwanangu. Anafanya kwa ajili yangu tu, nipate usingizi. Ila nisiwaambie watu kwamba aliamini. Nikamuuliza, na mama yako je?

“Mama yangu nitamwelewesha mwenyewe.”

Halafu akakitafuta kidole changu, akakibana.

Nimeomba wanipe muda. Bakuli liko kwenye stuli, naandika haya kando ya kitanda. Hiki ndicho nilichokuwa nakililia! Nikifanya, nimemwokoa au nimemwibia? Nisipofanya, nitamwambia nini Mama?

Sebuleni wameanza pambio. Mchungaji anauliza nyuma ya pazia, ameitika? Nimesema ndiyo, ameitika. Ni kweli, ameitika.

Baba amefumba macho, amegeuza uso upande wangu. Kwa mkono usio na nguvu anasogeza nywele zake nyeupe pembeni, ili paji la uso libaki wazi.