Kituo Namba Saba, Ngoja Zamu Yako

Kaaga, Meru

Dada Mghoi,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini goti lako limepoa na kwamba unalipumzisha jioni kama ulivyoagizwa, ingawa nakujua, saa hii uko shambani. Baba je, kifua kimetulia? Mimi ni mzima. Kazi ya duka la pembejeo karibu na soko la Gakoromone inaendelea, na wakulima bado wananilaumu kwa viwavi kana kwamba ni mimi niliyewaumba.

Barua yako imefika. Umeniuliza jambo moja tu: wazee wa Mutwiri waje lini kwa baba kuniposa, ili ndugu zake baba waitwe. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze huyo mtu mnayemnenepeshea mbuzi.

Ninyi mnamjua kwa picha, na suti, na lile gari. Mimi namjua kwa redio. Nilikwambia nilijiunga na mashali, wale wasimamizi wa mbio za magari. Wikendi za mbio tunatawanywa kando ya barabara za udongo, kila mmoja kwenye kituo chake na utepe, filimbi, bendera nyekundu na redio ya mkononi. Kazi yangu ni hiyo redio. Gari likinipita natangaza namba yake, kituo cha mbele kinatangaza, na mkubwa wetu kule mwanzoni anajua nani amefika wapi. Gari lisipotokea, anajua pa kulitafuta. Lakini sote tunatumia mawimbi mamoja. Mtu akibonyeza kitufe aongee, wengine wote ni mabubu mpaka aachie. Ndiyo maana tunafundishwa kusema maneno mawili na kunyamaza. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Mutwiri ndiye mkubwa wa redio. Ana sauti nene na koti lenye mifuko mingi, sijaona sifa nyingine. Asubuhi anafungua mawimbi kwa "Bwana asifiwe," kisha anangoja kila kituo kiitikie amina, kimoja baada ya kingine, na amina yako ikiwa nyembamba anakurudia. Mimi si mpagani, dada, tumekwenda kanisani pamoja tangu utotoni. Lakini Mungu anasikia bila betri. Anayetaka kusikika kwenye mawimbi ni Mutwiri.

Jumamosi iliyopita tulikuwa juu ya mji wa Runyenjes, katikati ya mashamba ya chai. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa sabuni. Nyuma ya utepe wangu walisimama wachumaji na vikapu vyao, wakingoja magari yaishe wapeleke majani kupimwa kabla hayajanyauka. Magari machache yalipita salama. Kisha moja likaingia kona vibaya, likabiringika, likalala ubavu katikati ya njia.

Dereva na mwenzake walipunga mikono kuonyesha kwamba ni wazima. Sasa, watu wa hapa wakiona gari limeanguka hawalitazami, wanaliinua. Kabla sijapuliza filimbi walikuwa wameshavuka utepe, wanaume kwa wanawake, wameshika vyuma na kuhesabiana wainue pamoja. Shosho mmoja, yaani bibi kizee, alikuwa ametua kikapu chake na kuweka bega kwenye tairi. Nilipiga kelele watoke. Kijana mmoja akanijibu bila hata kugeuka, "Madam, wewe shika bendera yako, sisi tushike gari." Na wote walikuwa upande wa kona ambao gari linalokuja haliwaoni hata kidogo.

Nikabonyeza: "Dharura, kituo namba saba." Sikusikika. Mawimbi yalikuwa na mtu. Mheshimiwa mmoja alikuwa amepita kule mwanzoni kusalimia, na Mutwiri akampa redio awaamkue mashali. Mheshimiwa akipewa kipaza sauti, unajua mwenyewe. Alitambua uwepo wa mchungaji, wa mzee wa kijiji, wa kina mama, akasema itifaki imezingatiwa, halafu akaanza habari za lami. Nilibonyeza tena na tena. Na huku bondeni nikasikia gari jingine likipanda.

Kwa kanuni, bendera nyekundu haiinuliwi mpaka mkubwa aamuru. Mkubwa alikuwa anasikiliza hotuba. Nikang'oa bendera, nikakimbia kupita kona, nikasimama katikati ya barabara nikiipunga. Niliogopa, dada, sitakuficha. Lile gari lilinijia likiyumba huku na huku, likasimama karibu hata nikahisi joto la injini. Dereva akaniuliza kama nina kichaa. Nikamwambia ashuke, aende kuchungulia ng'ambo ya kona. Alikwenda, akarudi amevua helmeti.

Hotuba ilipoisha nikapata nafasi. Nikasema gari limeanguka, watu wako njiani, yazuieni mengine. Mutwiri akajibu kwa ile sauti yake ya mimbarini, "Kituo namba saba, ngoja zamu yako. Tunamalizia na neno la shukrani." Nilimjibu kwa maneno ambayo mama hakunifundisha, na mawimbi yote yaliyasikia.

Jioni akaniita kwenye hoteli pale Runyenjes, akaagiza supu.

"Wakesho, wewe uliinua bendera bila ruhusa. Hiyo ni makosa kubwa. Lakini mimi nitakusaidia. Wakikuuliza, sema redio yako iliisha chaji."

"Haikuisha."

"Si ni kusema tu? Mimi na wewe si ni watu wa boma moja sasa? Bibi ya mtu haweki bwanake aibu kwa watu."

Bwana wangu, eti, na hata kizingiti cha baba hajakikanyaga.

Nilipoitwa na wakubwa wa mbio nilisema yote, na jina lake nikalitaja. Mimi nimepewa onyo kwa sababu ya bendera na nimeondolewa kwenye redio. Yeye amepewa pole kwa kufanya kazi na wasichana wasiosikia. Na jana amenitumia ujumbe kwamba amenisamehe, na wazee wake wameshapata gari la safari.

Jibu langu ni wasije. Umri wangu naujua, na maneno ya shangazi nayajua kabla hajayasema. Mbuzi muuzeni, au mleni wenyewe.

Nisalimie shemeji na wanao, na yule jirani aliyenishonea sweta, mwambie inanisitiri huku. Shangazi mpe salamu ukimkuta ametulia.

Baba akitaka sababu, usimweleze mambo ya mawimbi na vitufe. Mwambie nilikaa na Mutwiri meza moja mpaka akamaliza supu, akazungumza juu ya jina lake, juu ya mheshimiwa, juu ya adabu yangu. Hakuniuliza kama yule shosho alitoka barabarani. Mpaka leo hajauliza.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho